Uhuru wa Kupewa na Uhuru wa Kuzaliwa Nao: Safari ya Neno Moja



Mwaka 1859 John Stuart Mill, mrithi wa fikra za Zama za Mwangaza za Ulaya, alichapisha London kitabu chake kuhusu uhuru. Akauwekea mpaka: haukuwahusu watu ambao jamii zao, kwa maoni yake, zilikuwa bado utotoni. Mwezi Septemba mwaka huohuo David Livingstone alifika Ziwa Nyasa. Watumwa walivushwa ziwa hilo, kisha wakapitishwa katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Ruvuma kuelekea Kilwa. Fikra ya kwamba kila mtu huzaliwa huru ilipataje neno katika Kiswahili?

Katika mwambao wa karne ya 19, kinyume cha mtumwa kilikuwa mwungwana. Neno huru, lenye asili ya Kiarabu, aghalabu lilimhusu mtumwa aliyeachwa. Uhuru ulitoka mkononi mwa bwana, pengine kwa hati, na aliyeupokea alibaki chini ya hadhi ya aliyeutoa.

Ukoloni ulirudia mantiki hiyo. Mwaka 1784 Immanuel Kant alieleza Mwangaza kuwa ni mtu kutoka katika hali ya kuongozwa kama mtoto. Lakini kuanzia 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Uingereza ikiwa mlezi. Mwaka 1954 ujumbe wa Umoja huo ulipendekeza nchi ijitawale baada ya miaka 20 hadi 25. TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai mwaka huo, haikukubali utoto huo. Julius Nyerere, aliyemsoma Mill tangu Makerere, alikwenda mbele ya Baraza la Udhamini Machi 1955. Msingi wa hoja ya chama chake ulikuwa usawa wa binadamu wote. Kwa msingi huo, mpaka wa Mill haukuwa na pa kusimama. Uhuru ukawa haki inayodaiwa, wala si hisani inayosubiriwa.

Isidhaniwe kwamba mbegu yote ilitoka ng'ambo. Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji, hakuhitaji kitabu cha Ulaya ili akatae kutawaliwa. Katika milima ya Mbinga, Wamatengo walikuwa na sengu: watu wa ukoo walikula pamoja, wakajadili mambo yao na kuwafunza vijana. Kujitawala kwa mashauri kulikuwa mazoea. Hata hivyo sengu ilikuwa ya ukoo. Kilichoongezwa na siasa ya miaka ya 1950 ni kuitamka haki hiyo kwa Kiswahili, kwa ajili ya Mmatengo, Mnyasa, Mngoni na kila mtu mwingine.

Mtafiti wa lugha ana kazi hapa. Wapo wanaosema Tanganyika ilipewa uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wengine husema iliupata. Tofauti si ya mtindo tu. Kitenzi cha kwanza kinamrudisha bwana na hati yake; cha pili kinamwacha nje ya sentensi.