Rangi Haikai Peke Yake

Nimeshika karatasi mbili nilizozichapa wiki hii. Moja ina mraba mkubwa mweusi, nyingine mraba mkubwa wa manjano iliyopauka, na katikati ya kila mmoja kuna kimraba cha kijivu. Walioketi mbele wananong'ona kwamba kijivu kilichozungukwa na weusi kina mwanga zaidi. Tuliweke hilo kiporo.

Kiswahili kimezipa rangi majina ya vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Naipenda mno tabia hiyo, ila inatuzoesha kuamini kwamba rangi ni mali ya kitu, kama utamu ulivyo wa embe. Katika chapa dhahania hakuna jani wala jivu. Kuna wino na jirani yake.

Habari za ujirani huo zilifika kwanza kwa mkemia. Mwaka 1824 Michel-Eugène Chevreul alikabidhiwa idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, wanakofuma mazulia ya ukutani. Malalamiko yakamjia: nyuzi nyeusi zimefifia. Akazipima, akakuta rangi imeshika barabara. Zilififia pale tu zilipofumwa kando ya buluu na urujuani. Mwaka 1839 alichapisha kanuni yake: rangi mbili zikikaa bega kwa bega, kila moja huisukuma nyingine mbali nayo. Fundi hakuwa na kosa! Jicho halipimi mwanga kama mizani ya dukani ipimavyo sukari. Neva za retina hulinganisha mwanga wa hapa na wa pembeni, na kinachopelekwa ubongoni kwa sehemu kubwa ni ile tofauti.

Baada ya mkemia akaja mchoraji. Josef Albers alifundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus, Ujerumani, hadi ilipofungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi, akahamia Marekani. Mwaka 1950, akiwa na miaka 62, alianza kuweka mraba ndani ya mraba, na hakuacha hadi alipofariki mwaka 1976. Wapo wanaomwona mkavu. Mimi namwona msikivu, mtu aliyeondoa kila kitu ili rangi zisikike.

Kitabu chake, Interaction of Color, kilipotoka mwaka 1963, kurasa zake za rangi zilichapwa kwa skrini. Hapa naomba mnivumilie, maana ndiyo kazi ya mikono yangu. Brashi huacha nyayo za mkono. Matbaa ya kawaida huchanganya vidoti vya rangi nne. Skrini, yaani kitambaa kilichokazwa kwenye fremu na wino ukisukumwa kupita ndani yake kwa ubao wenye ukingo wa mpira, huulaza wino mmoja bapa, bila alama. Kila rangi ina skrini yake. Zikipishana kwa unene wa uzi tu, ufa mweupe hutokea, na rangi zile huachana kama majirani waliojengewa ukuta.

Sasa tazameni. Naziweka karatasi pamoja, nazifunika kwa kadi yenye matundu mawili. Vimraba vyote viwili ni wino wa kopo moja, uliopita skrini moja. Naiondoa kadi. Mmeshajua, na bado vinatofautiana.