Upinde wa Mtoto wa Kihadzabe

Vijiji vingi vina mtoto mwenye manati mfukoni, au mwenye upinde wa ufito alioufunga uzi wa katani. Mara nyingi sisi waalimu humnyang'anya na kuutia motoni, nasi twadhani tumemfunza adabu. Mimi sioni kuwa ni vema kuuchoma kabla ya kumwuliza amekata mti gani, na kwa nini akauchagua huo.

Basi leo nitawaeleza habari za watu ambao kwao upinde wa mtoto hauchomwi. Hao ni Wahadzabe, wakaao kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini ya Tanzania. Wote pamoja wapata watu elfu na zaidi kidogo, na baadhi yao hata leo huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kutafuta asali.

Mtoto wa kiume hupewa upinde wake wa kwanza angali mdogo sana, umri wa miaka mitatu hivi. Akikua hujifunza kujitengenezea zana zake, na kazi hiyo si ya mchezo. Ufito wa mshale humenywa magome, hupashwa moto, kisha hunyoshwa kwa mikono na meno, na kutazamwa kwa jicho moja kama fundi atazamavyo ubao. Ukibaki na kombo kidogo tu, mshale hukosa njia. Nyuma hufungwa manyoya ya ndege, kwa kuwa mshale usio na manyoya huyumba hewani. Upote husokotwa kwa kano za mnyama. Na kijana ambaye hajaua mnyama mkubwa atazipata wapi, ila kwa wakubwa wake?

Mishale ya watoto huwa ya mti mtupu. Vyembe vya chuma ni vya watu wazima, ambao hupata misumari na kuiponda kwa nyundo mpaka ikawa bapa. Sumu pia ni yao. Moja hutokana na utomvu wa mti mfupi wenye shina nene na maua mekundu, ambao huchemshwa hata ukawa mzito kama lami. Sumu hiyo hudhuru moyo, lakini mnyama haanguki papo hapo. Huenda mbali, naye mwindaji hana budi kumfuata kwa nyayo na matone ya damu. Kwa hiyo mtoto awindaye ndege, panya na pimbi karibu na kambi anajifunza kusoma ardhi kabla hajaaminiwa na sumu.

Hapa yafaa niseme neno juu ya mitego ya waya, maana vijana wengi huipenda kwa kuwa ni rahisi. Mwenye upinde humwona mnyama kabla ya kuachia mshale, aweza kumwacha mwenye mimba. Tanzi la waya halichagui; hukaa usiku kucha na kunasa lolote lipitalo, na mwenye kulitega akisahau, nyama huozea porini. Tena kumbukeni kuwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 yakataza kuwinda wanyama wa porini bila kibali, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sijawaambia mwende porini.

Siku hizi watoto wengi wa Kihadzabe hupelekwa shule za bweni, mbali na kambi zao. Husoma na kuandika, na hayo ni mema. Lakini miaka ya kujifunza kunyosha mshale ni ile ile ya kujifunza hesabu, na mtoto hana utoto wa pili. Mashamba na mifugo ya majirani navyo vimeingia katika nchi waliyokuwa wakiwinda. Mwaka 2011 baadhi ya Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, na ndani ya mipaka hiyo mtoto arudiye likizo aweza bado kwenda na babu yake kukata fito.