Moto wa Chini ya Nyumba

Maneno yaliyosemwa na Kamati ya Elimu mbele ya wanachama wa tawi



Tumeombwa tuseme habari za moto. Si moto wa kupikia, bali ule wa kupasha joto nyumba nzima katika nchi za baridi, na hasa moto wa makaa ya mawe uliolishwa kwa mkono, sepeto baada ya sepeto. Mtu atauliza, habari hizo zatuhusu nini sisi, na ndugu zetu wa Mombasa usiku kucha wanatafuta upepo? Ngojeni kidogo. Ndani ya moto huo mna habari ya kazi na ya mshahara, na tena mna habari ya vyumba tunavyolala sisi wenyewe.

Basi twendeni Marekani, upande wa kaskazini. Kule miezi ya baridi maji huganda mitoni hata mtu akapita juu yake kwa miguu. Nyumba isiyo na moto haikaliki, na mabomba ya maji hupasuka kwa barafu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1940 ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Marekani zilipata joto lake kwa makaa ya mawe. Siku hizi zimebaki chache sana, na nyingi za hizo ziko Pennsylvania, karibu na migodi yenyewe. Nyingine zote zimegeuka zikatumia gesi, mafuta au umeme.

Tanuru lilikaa katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Lilikuwa pipa kubwa la chuma lenye milango miwili. Mlango wa juu ni wa kutilia makaa, wa chini ni wa kuzolea majivu na kuingizia hewa. Kati ya milango hiyo zimelazwa fito nene za chuma, na juu yake ndipo moto unakaa. Nyuma hutoka bomba la moshi kwenda kwenye dohani, nalo lina kilango chake cha kupunguza mvuto. Joto hupanda nyumbani kwa mifereji ya bati, au tanuru huchemsha maji yakazunguka vyumbani ndani ya mabomba.

Watu wengi hudhani kutia makaa ni kazi ya nguvu tu, asiyejua lolote aweza kuifanya. Wale waliopata kufanya kazi ya kutia makaa katika gari la moshi au katika meli watacheka wakisikia hivyo. Makaa magumu ya Pennsylvania hayataki kuchokolewa kutoka juu. Ukiyachokoa, majivu huchanganyika na moto mkali, yakayeyuka, kisha yakaganda mabonge magumu kama kioo yanayoziba fito. Unashika mpini na kutikisa fito polepole, na mara uonapo wekundu wa moto ukiangaza chini kwenye majivu, unaacha. Ukizidi, umemwaga moto mzuri. Ukipunguza, majivu yanaziba hewa na moto unakufa alfajiri, wakati ambapo watoto wanaamka.

Kutia makaa mapya nako kuna akili yake. Mjinga hufunika moto wote kwa sepeto kumi akaenda zake kulala. Makaa mapya yakipata joto hutoa gesi, na gesi isipokuta ulimi wa moto wa kuiwasha hujaa ndani ya tanuru. Halafu ikipata cheche hulipuka, mlango ukafunguka kwa kishindo na masizi yakajaa chumba. Kwa hiyo fundi huacha sehemu moja ya moto wazi, nyekundu, ili gesi iwake pale pale inapotoka. Kwa makaa laini yenye moshi mwingi husukuma moto wa zamani nyuma, akatia mapya mbele karibu na mlango, moshi wake ukapita juu ya moto na kuungua. Hapo ametumia makaa machache, na majirani hawakuvuta moshi.

Usiku moto hulazwa. Kilango cha hewa cha chini hufungwa, na mvuto wa dohani hupunguzwa, lakini hauzibwi kabisa, na sababu yake tutaieleza. Asubuhi majivu lazima yatolewe. Yakiachwa yakapanda hadi kugusa fito, fito hukosa hewa ya kuzipoza, zikapinda, na bwana wa nyumba akalipa fito mpya. Majivu hayo hubebwa kwa ndoo kupanda ngazi, siku zote za baridi, na nyumba moja haikuona ajabu kula tani sita au nane za makaa kwa msimu.

Je, ni nani aliyeifanya kazi hii? Katika nyumba ndogo, mwenye nyumba mwenyewe, au mkewe, au kijana wao. Lakini katika mji kama Chicago, palipojengwa majumba ya kupangisha yenye familia nyingi, kulikuwa na mtunza jumba. Huyo alipewa chumba cha kulala huko huko chini, karibu na boila. Aliamka kabla ya mapambazuko awashe moto, wapangaji wakiamka wakute joto. Kisha atoe majivu, azoe takataka, afagie ngazi, na usiku arudi kwenye moto. Mpangaji akiona baridi saa sita ya usiku, ni yeye aitwaye. Chumba kile kilihesabiwa kuwa sehemu ya mshahara wake, kwa hiyo siku aliyofukuzwa kazi alifukuzwa na nyumba pia, yeye na watoto. Wanachama walio katika nyumba za kampuni hawahitaji kuelezwa zaidi.

Watunza majumba hao wakafanya chama. Waajiri walisema hawawezi kuungana, kwani kila mmoja yuko peke yake chini ya jumba lake, wala hawana kiwanda cha kukutania. Tena walikuwa watu wa namna nyingi, wahamiaji wa kutoka Ulaya na Wamarekani weusi. Chama kiliwapokea wote, na katika Marekani ya siku zile jambo hilo halikuwa la kawaida. Kiongozi wao alikuwa William Quesse. Nguvu yao ilikuwa rahisi kufahamu. Boila likizimika mwezi wa Januari, jumba zima linajua kabla ya jua kutua. Nao wachukuzi wa makaa, waliokuwa na chama chao, walikataa kupeleka makaa kwenye jumba ambalo mtunzaji wake si mwanachama. Mwaka 1921 vyama vya watunza majumba viliungana kuwa chama cha nchi nzima, na chama hicho kingali hai, kikiitwa SEIU, kimoja katika vikubwa vya Marekani. (Vyama vya Marekani tunavikumbuka kwa jambo jingine pia, maana michango yao ilisaidia kujenga Solidarity House hapa Nairobi, baada ya Tom Mboya kwenda kule mwaka 1956.)

Sasa tushuke chini zaidi ya tanuru, tufike mgodini. Tarehe 12 Mei 1902 wachimbaji wa makaa magumu ya Pennsylvania waligoma. Walikuwa zaidi ya watu 140,000, chama chao United Mine Workers, rais wa chama John Mitchell. Walitaka nyongeza ya mshahara, kupunguzwa saa za kazi, chama kitambuliwe, na mizani ya haki. Hilo la mizani tulitazame vizuri. Wengi walilipwa kwa tani, lakini tani ya mchimbaji haikuwa tani ya dukani. Ilikuwa kubwa zaidi, na aliyepima alikuwa mtu wa kampuni. Tena alikata uzito kwa kusema kuna mawe ndani. Ndugu zetu wachuma chai, wanaolipwa kwa kilo na kusimama mbele ya mizani wasiyoishika, tunaona mnatikisa vichwa.

Mgomo ukapita miezi ya joto bila watu wa mijini kujali sana. Ulipofika Oktoba, wakafungua milango ya matanuru yao wakakuta hakuna cha kutia. Bei ya makaa ilikuwa imepanda kupita kiasi, na shule na hospitali zikaogopa baridi. Ndipo Rais Theodore Roosevelt alipowaita wenye migodi na viongozi wa wafanyakazi mbele yake, tarehe 3 Oktoba. Wenye migodi walikataa hata kuzungumza na Mitchell. Mwishowe ilikubaliwa kuwe na tume ya kuamua, na tarehe 23 Oktoba watu wakarudi kazini. Tume ilitoa uamuzi mwezi wa Machi 1903. Mishahara ya wachimbaji iliongezwa asilimia 10, wengi walipunguziwa siku ya kazi kutoka saa kumi mpaka tisa, na wachimbaji wakapata haki ya kuweka mtu wao wenyewe mizanini, kwa gharama yao. Chama hakikutambuliwa. Wengine huandika kwamba wachimbaji walishinda kabisa. Sisi tunaona walipata nusu, na nusu hiyo waliipata kwa sababu walikaa nje zaidi ya miezi mitano bila kuvunjika.

Tulisema dohani haizibwi kabisa usiku. Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Huingia katika damu na kukalia mahali pa oksijeni, na mtu huumwa kichwa, akasikia kichefuchefu, miguu ikalegea, kisha akalala asiamke. Huko Marekani familia nzima zimekufa hivyo, dohani ikiwa imeziba kwa masizi au kilango kimefungwa mno.

Sisi hatuna tanuru, lakini tuna jiko la makaa ya miti. Mwezi wa Julai, huko Limuru, Molo, Kericho, na hata Nairobi, watu huliingiza ndani, wakafunga mlango na kuziba dirisha kwa gunia. Husema, makaa yamekwisha kuwa mekundu, hakuna moshi, hakuna hatari. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa sumu hiyo kwa wingi, na jiko halina dohani ya kuitoa nje. Ukimkuta mtu amelegea chumbani, mtoe nje kwenye upepo kwanza, ufungue kila kitu, kisha umkimbize hospitali, hata kama ameanza kusema kwamba hajambo.

Lakini hatutaki kumlaumu mtu aliyesikia baridi. Anaziba dirisha kwa sababu dirisha halina kioo, bati halina dari, na blanketi ni moja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au alipe fedha za kutosha za kodi. Nyumba ambayo mtu hawezi kupata joto ndani yake ila kwa kuhatarisha maisha, sisi hatuiiti ya kufaa. Basi kila mwakilishi apite katika nyumba za kazi mahali pake kabla ya baridi kuanza, aandike namba ya chumba, idadi ya wanaolala humo, kama kuna dirisha linalofunguka na tundu la hewa karibu na dari, na kama jiko huingizwa ndani usiku. Karatasi hizo apewe katibu wa tawi, naye ataziweka mezani siku ya mazungumzo na waajiri.

Mwenye swali aulize sasa.