Uyoga wa Maranda: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Mazungumzo kwa wakazi wa Tukuyu na Wilaya ya Rungwe



Wilaya hii imejaliwa ubaridi na mvua inyeshayo sehemu kubwa ya mwaka, na katika msitu wa kupandwa wa Kiwira na viwanda vidogo vya mbao, misumeno huacha malundo ya maranda. Haishangazi, basi, kwamba watu wengi hapa wanatamani kulima uyoga nyumbani, hasa ule tuuitao mamama. Haishangazi pia kwamba wamejitokeza wauzaji wa mbegu, wa mifuko iliyokwisha kupandwa na wa mafunzo ya siku moja. Wapo waaminifu miongoni mwao, na wapo wanaouza matumaini. Kusudi la mazungumzo haya ni kumwezesha mnunuzi kuwatofautisha kabla fedha haijatoka mfukoni.

Nianze na chakula cha uyoga. Maranda matupu ni chakula hafifu. Uyoga huota juu yake, lakini mavuno huwa haba. Ndiyo maana wakulima huchanganya pumba za mpunga, za ngano au za mahindi. Hapo ndipo penye jambo ambalo muuzaji mwenye haraka hulinyamazia: pumba zinazoushibisha uyoga huwashibisha pia ukungu na bakteria. Kadiri unavyoongeza pumba, ndivyo unavyolazimika kuua vimelea kwa ukamilifu zaidi. Anayefundishwa kurutubisha maranda bila kufundishwa namna ya kuyatakasa kwa moto amefundishwa njia ya kupata hasara.

Sisi wa Tukuyu tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Mji huu uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji huchemka yafikapo nyuzi joto 95 hivi za Selsiasi, wala si 100 kama yachemkavyo Dar es Salaam. Mvuke wa pipa lililo wazi hapa ni wa baridi kuliko ule wa pwani, hata kuni zikiwa nyingi kiasi gani. Bakteria wenye maganda magumu huweza kuuvumilia, kisha wakaamka ndani ya mfuko siku chache baadaye. Kwa hiyo maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya pwani yasifuatwe hapa neno kwa neno.

Mwenye pipa na apunguze pumba, arefushe moto. Kwa kilo 10 za maranda makavu, kilo 1 ya pumba yatosha, pamoja na gramu 100 hivi za chokaa ya kilimo. Tia maji kidogo kidogo hadi yakaribie lita 15, kisha kamua mchanganyiko mkononi: matone machache yakitoka, umefika, maji yakichuruzika, umezidisha. Panga mifuko juu ya wavu isiguse maji, funika pipa, na uhesabu saa 8 hadi 10 tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu. Maji yakipungua, ongeza ya moto. Mwenye sufuria kubwa ya presha anaweza kufikisha pumba kilo 2, kwani humo joto hupanda hadi karibu na nyuzi 120. Achemshe kwa muda wa saa 2 na nusu au zaidi. Mifuko iwe ya plastiki inayohimili joto hilo. Ile laini ya kawaida hulegea na kupasuka. Kisha subiri ipoe kabisa kabla ya kutia mbegu, kwa sababu mfuko wenye joto huiua mbegu uliyoinunua kwa fedha.

Asili ya maranda nayo iulizwe. Maranda ya miti yenye mbao ngumu yanafaa zaidi. Ya misindano yana utomvu unaozuia uyoga kukua, hivyo yaachwe nje yanyeshewe na kuoza kwa miezi kadhaa kabla ya kutumiwa. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, au zilizopakwa rangi, yasitumiwe kamwe. Baadhi ya dawa hizo zina shaba, kromiamu na aseniki, na uyoga una tabia ya kufyonza madini ya namna hiyo na kuyaleta mezani. Mwenye kiwanda akishindwa kukueleza mbao zake zilipitia dawa gani, tafuta maranda kwingine.

Tuje kwenye mbegu. Mbegu njema ni nafaka iliyofunikwa na utando mweupe kote, yenye harufu safi ya uyoga. Ukiona doa la kijani au jeusi, ute, au ukisikia harufu ya uchachu, usiipokee hata kwa nusu bei. Muulize muuzaji mambo manne: ni uyoga wa aina gani, ilitengenezwa tarehe ngapi, ilihifadhiwa wapi, na atafanya nini mbegu isipoota. Majibu yaandikwe kwenye risiti. Anayenunua mfuko uliokwisha kupandwa aulize pia ulichemshwa kwa chombo gani na kwa saa ngapi. Mtu aliyeifanya kazi hiyo mwenyewe hujibu bila kutafuta maneno.

Ahadi ya mavuno ndiyo inayowaumiza wengi, ilhali hesabu yake ni fupi. Mfuko wa kilo 2 uliolowekwa vizuri una zaidi ya nusu yake maji. Chakula kikavu kilichomo ni kama robo tatu ya kilo. Mkulima mzuri hupata uyoga mbichi wa uzito unaokaribia ule wa chakula kikavu. Anayeanza huridhika na nusu yake. Basi mfuko huo utatoa kati ya gramu 400 na 750, kwa michumo miwili au mitatu. Akija mtu kukuahidi kilo 5 kwa mfuko mmoja wa namna hiyo, muulize hizo kilo zitatoka wapi. Akiahidi kununua mazao yako yote, mwombe mkataba wenye bei, kiasi, tarehe na sahihi yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Lakini lalamiko lisilo na risiti wala maandishi ni gumu kulithibitisha.

Kwa sababu hiyo twashauri uanze na mifuko 10. Iweke mahali penye giza na usafi kwa wiki 3 hadi 5. Katika baridi ya Juni na Julai huenda ikachelewa zaidi. Utando mweupe ukishaijaza, ipe mwanga hafifu, hewa na unyevu. Vikonyo virefu na vikofia vidogo ni dalili ya kukosa hewa. Mfuko wenye ukungu wa kijani usiufungue ndani; utoe mapema na kuufukia mbali. Uyoga usiofanana na ule uliopanda, hata kama umeota katika mfuko wako, usiuonje.

Yako mambo mawili ya afya ya nyumba. Uyoga ukikomaa kupita kiasi humwaga vumbi jepesi la vijimbegu, na vumbi hilo likivutwa mara kwa mara huleta kikohozi na kubanwa kifua. Vuna kabla kingo za kofia hazijakunjuka kabisa, vaa barakoa, na chumba cha uyoga kisiwe chumba cha kulala watoto. Pili, uyoga upikwe ukaiva vizuri.

Mkifikia kukausha na kufungasha kwa ajili ya kuuza, mtakuwa mmeingia katika biashara ya chakula, ambayo usalama na ubora wake husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Ofisi za SIDO huwaelekeza wajasiriamali wadogo namna ya kuanza. Wakati huo mtakuwa wauzaji, na mnunuzi atakuwa na haki ya kuwauliza maswali yale yale niliyowaomba muulize leo.

Ndugu zangu, mbegu, kuni na mifuko hununuliwa kwa fedha ya ndizi, ya viazi na ya chai, fedha iliyopatikana kwa jasho. Mpumbavu haulizi, na asiyeuliza hulipa mara mbili. Ulizeni, andikeni, jaribuni kidogo, kisha mpanue.