"Kila Kitu Kimo": Ni Kipi Hicho Kilichomo?

 

Mwezi huu wa Ramadhan wengi wetu tunahesabu mali ili tutoe zaka. Basi ukishika karatasi za akiba yako, tazama na pale palipoandikwa ada.

Juzi vijana wa chama kimoja hapa Meru walinijia. Wana shilingi 200,000, na mshauri wa uwekezaji amewaambia, "Mtanilipa asilimia 3 tu kwa mwaka, kila kitu kimo." Wakafurahi. Asilimia 3 ni kitu gani? Nikawaambia, ebu tupige hesabu.

Asilimia 3 ya 200,000 ni 6,000. Inakatwa kwenye mtaji wote, si kwenye faida. Tuseme pesa zimezaa asilimia 10, yaani 20,000. Mshauri atoe 6,000 zake. Lakini pesa ameziweka katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na meneja wa mfuko naye ana chake, tuseme asilimia 2. Hizo 4,000. Mmebaki na 10,000. Nusu imekwenda, na kodi hatujaitaja! Mwaka wa hasara je? Asilimia ni ile ile.

Sisemi ada ya pamoja ni wizi. Ndani yake huwa mna ushauri, malipo ya dalali wa hisa, kutunza hati na taarifa za kila mara. Anayenunua na kuuza hisa sana huenda ikamfaa, maana angemlipa dalali kila safari. Lakini pesa zikikaa pale pale mwaka mzima, unalipa nauli ya gari ambalo hukupanda.

Wazee wa Imenti na Runyenjes wanalielewa jambo hili kutushinda sisi tuliosoma. Mkulima wa kahawa haulizi bei ya mnada wa Nairobi peke yake. Anauliza kiwanda kimekata ngapi, mkoboaji ngapi, usafiri ngapi. Mwambie "makato" tu, uone kama mkutano utaisha siku hiyo.

Kwetu sisi Waislamu, kuna tofauti ya kuangalia. Katika wakala, mtu analipwa ujira uliojulikana tangu mwanzo, faida iwepo isiwepo. Katika mudharaba anapata fungu la faida mliyokubaliana. Pasipo faida, naye kazi yake imepotea. Yote mawili yanajuzu. Usilolijua ni lipi umetia sahihi, hapo ndipo pana shida.

Vijana wale walirudi kwa mshauri wakamwomba aandike kila kato kwenye karatasi moja. Ikaonekana ada ya meneja haimo katika ile "kila kitu." Pia wanataka kuthibitisha kama ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Bado hawajatia sahihi. Watakutana tena baada ya Idd, inshallah.