Darubini ya Kwanza ya Mwambao wa Nyasa: Jua Kabla ya Nyota

Kihagara ipo kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, katika eneo lililokuwa la Wilaya ya Mbinga kabla ya kuundwa Wilaya ya Nyasa, takribani nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Jioni za Julai na Agosti kundi la nyota la Nge hupita huko karibu na utosi, pamoja na sehemu nene zaidi ya Njia ya Maziwa, yaani ukanda wa mwanga hafifu unaotokana na nyota nyingi mno za galaksi ambamo dunia yenyewe imo. Pamoja na utajiri huo wa usiku, hoja ya mhadhara huu ni kwamba shule ya huko inayotafuta darubini ya kwanza inapaswa kulifikiria jua kwanza, kwa kuwa wanafunzi wa kutwa hurudi nyumbani kabla ya giza kuingia, na jua ndiyo nyota pekee inayopatikana wakati wa vipindi.

Darubini inayofaa ni ya lenzi, yenye lenzi ya mbele ya kipenyo cha milimita 70 na umbali wa fokasi wa milimita 700, yaani umbali ambao mwanga uliopita kwenye lenzi hukusanyika na kuwa taswira. Ikiwekewa lenzi ya jicho, ile anayochungulia mtazamaji, yenye fokasi ya milimita 20, hukuza mara 35, na hiyo inatosha kuliona jua zima pamoja na madoa yake, ambayo ni sehemu zenye joto dogo kuliko eneo linalozizunguka na ambazo huongezeka na kupungua katika mzunguko wa takribani miaka 11. Ahadi za wauzaji za kukuza mara mia tano zipuuzwe, na fedha zitumike kununua stendi isiyotikisika.

Hatari ya kulitazama jua kwa darubini ni kubwa, wala haistahili kupunguzwa kwa maneno laini. Lenzi ya mbele hukusanya mwanga mara mia kadhaa zaidi ya mboni ya jicho mchana, na retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina neva za maumivu, hivyo mtoto anaweza kuungua asihisi lolote hadi uoni unapofifia. Kichujio cha jua, kinachopitisha takribani sehemu moja tu kati ya laki moja ya mwanga, lazima kifunike mdomo wa mbele wa darubini. Kile kidogo kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho hupasuka kwa joto na kitupwe. Filamu za eksirei na vioo vilivyopakwa masizi havifai kabisa. Kabla ya kila kipindi mwalimu akimulike kichujio kwa taa kali, na akiona tundu, hata dogo kama ncha ya sindano, asikitumie. Kikiwa kizima, akifunge kwa utepe wa gundi, maana mwera, upepo mkali wa kusini unaovuma ziwani wakati wa kiangazi, unaweza kukipeperusha jicho likiwa bado kwenye lenzi. Darubini ndogo ya kulengea iondolewe, na jua litafutwe kwa kivuli: kivuli cha bomba kikifupika chini hadi kuwa duara, darubini imeshalielekea.

Elimu hii ina historia nchini. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa umbo la pete, mwezi ukiacha ukingo wa mwanga pande zote, na watu wengi walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, katika shughuli ambayo Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa miongoni mwa wataalamu walioihamasisha. Mwambao wa Nyasa ulikuwa nje ya ukanda wa pete, lakini sehemu kubwa ya jua ilizibwa huko pia.

Usiku, wavuvi wa usipa ndio wanaojua saa bora, kwa kuwa giza lisilo na mbalamwezi, wanalolihitaji ili taa zao zivute samaki, ndilo linalofichua kishada cha nyota cha Omega Centauri; miezi minne ya sayari ya Mshtarii, ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, huonekana hata penye mbalamwezi. Mtazamaji azipe mgongo taa hizo za ziwani.

Kupatwa kwingine kwa umbo la pete kutapita Tanzania tarehe 21 Mei 2031. Halmashauri, wazazi na walimu wa mwambao wanaombwa kununua vichujio na kuwafundisha watoto kuvitumia kabla ya siku hiyo, bila kusubiri wiki ya mwisho.