Mshubiri na Mwanga katika Tiba ya Vidonda vya Moto: Hoja ya Kipimo

Katika ukanda wetu moto hauko mbali na mtu. Hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, uko kwenye jiko la mkaa ambalo mtoto anayetambaa hulifikia kabla mama hajageuka. Huko Geita na Kahama mchimbaji mdogo huchoma zebaki juu ya makaa ili abaki na dhahabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 180,000 hivi hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa wanaobaki na vidonda, tiba mbili zinazungumzwa sana: mimea, hasa mshubiri ambao wengi tunauita alovera, na mwanga, yaani leza hafifu au taa za LED. Mada hii inatetea hoja moja: ubora wa tiba hizi unaamuliwa na kipimo. Mwanga una vipimo lakini haujatufikia. Mshubiri tunao uani lakini hatujaupima. Wajibu wetu wa kwanza ni kuupima huo tulio nao.

Ushahidi wa mmea si wa kubeza. Mwaka 1995 watafiti wa Thailand walitoa matokeo ya wagonjwa 27: vidonda vilivyopakwa ute wa alovera vilipona kwa wastani wa siku 12 hivi, na vilivyofungwa shashi yenye vaselini siku 18. Mapitio ya mwaka 2007, yaliyojumlisha majaribio manne yenye wagonjwa 371, yaliona nafuu ya siku tisa hivi, ingawa majaribio hayo yalitofautiana mno. Asali nayo, kwa mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, huharakisha kupona kwa siku nne hadi tano. Lakini kata jani la mshubiri uliangalie. Chini ya ganda hutoka maji ya njano, machungu, yanayowasha ngozi. Katikati ndipo ulipo ute angavu unaotakiwa. Mwenye haraka hupaka vyote pamoja. Tena mishubiri ya porini nchini kwetu, kama Aloe secundiflora, si ile iliyojaribiwa Thailand. Jani la umri gani, limeoshwa kwa maji gani, ute kiasi gani na mara ngapi kwa siku? Hapo ndipo tunaponyamaza.

Mwanga umetokea upande wa pili. Niels Finsen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, na mwaka 1967 Endre Mester wa Budapest aliona manyoya ya panya walionyolewa yakiota upesi chini ya leza hafifu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kimeng'enya kilichomo katika mitokondria hufyonza mwanga mwekundu, na seli ikapata nguvu ya kujijenga. Hapa kila kitu kina namba: nanomita za wimbi, jouli kwa kila sentimita ya mraba, dakika za kumulika. Dozi ikizidi, faida hupotea. Hata hivyo, kwa vidonda vya moto sehemu kubwa ya namba hizo imetoka kwa panya, ambaye kidonda chake hujifunga zaidi kwa ngozi kuvutwa na msuli mwembamba ulio chini yake. Cha binadamu hutegemea zaidi ngozi mpya inayoota kutoka kingoni na kwenye mashina ya vinyweleo. Namba ya panya haiwezi kuhamishiwa kwa mtoto wa Shinyanga bila kujaribiwa upya.

Wapo watakaosema wazee walitumia mshubiri bila mizani na watu wakapona. Walipona kweli, lakini jeraha la juujuu lisiloingiwa na vijidudu hupona ndani ya wiki mbili au tatu hata bila dawa, hivyo pasipo kulinganisha hatujui sifa ni ya mmea au ya mwili. Wengine watasema taa za LED zimeshuka bei na sola ipo. Taa pekee haitoshi: inahitaji kifaa cha kupima nguvu yake, kinga ya macho, na mgonjwa anayeweza kulipa nauli ya kurudi mara kwa mara. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuusifu mmea kutawachelewesha watu kufika hospitali. Hofu hiyo ni ya haki, ndiyo maana mpaka lazima uwekwe. Kwanza ni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Kisha kadiria: kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Mtoto aliyeungua eneo la viganja vitano au zaidi, au yeyote aliyeungua uso, mikono au sehemu za siri, au ambaye ngozi imekuwa nyeupe, ngumu na isiyouma, aende hospitali mara moja. Jeraha la kina huhitaji kupandikizwa ngozi, na hapo jani wala taa havitoshi.

Napendekeza basi tuanze na mmea, kwa nidhamu ya mwanga. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ipo, na Muhimbili imekuwa ikichunguza dawa za asili tangu mwaka 1974. Ute uandaliwe maabara, utumike kwa majeraha ya juujuu tu, kwa ridhaa ya mgonjwa, na ulinganishwe na tiba ya kawaida ya wodini. Kila bandeji inapobadilishwa, kidonda kipimwe kwa rula na kiandikwe daftarini. Mwanga uanzie kama utafiti katika hospitali ya rufaa, mfano Bugando, kwa rula na daftari vilevile. Siku taa itakapofika wodi za Shinyanga na Geita, itakuta hesabu ya kulinganishwa nayo, na mgonjwa atapewa tiba iliyomponya mwenzake kwa siku chache zaidi.